Santuri za Mjomba Katika Matangazo ya Vifo

Matangazo ya vifo katika kituo chetu husomwa mara mbili kwa siku, saa moja kasorobo asubuhi na saa kumi na moja jioni. Kwa miaka miwili na ushei nimekuwa nikiyasoma mimi. Kituo ni kidogo, kiko ghorofa ya pili ya jengo moja hapa Suna, Migori, juu ya duka la mbegu na mbolea. Tunasikika hadi Karungu upande wa ziwa, na hadi Kosele na mbele yake kidogo ukielekea Homa Bay. Mvua ikinyesha redio hukoroma, na nyimbo na habari hupotea humo, lakini vifo watu huvisikia tu.

Utaratibu ni huu. Familia huja na kujaza fomu: jina la marehemu, kijiji, mume au mke wa nani, watoto na mahali wanapoishi, mochari ulikohifadhiwa mwili, siku ya mazishi. Nasoma kwa Kidholuo kwanza, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya jamaa walioolewa kwa Wakuria au walio ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Chini ya sauti yangu huwa kuna muziki.

Mwanzoni tulitumia wimbo wa dini. Wasabato wakapiga simu kulalamika kwamba huo ni wimbo wa Wakatoliki. Tukabadilisha, Wakatoliki wakauliza tangu lini maiti zao zikabatizwa upya. Familia ya mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa mjini ilijaza fomu, ikauliza itasomwa juu ya wimbo gani, ikaikunja na kuondoka nayo. Waumini wa makanisa ya kanzu nyeupe walitaka ngoma. Meneja wetu, mtu asiyependa kusumbuliwa, akaniambia nitafute muziki usio na dhehebu.

Muziki wa namna hiyo niliujua mahali pamoja tu, nyumbani kwa mjomba wangu, Kosele.

Mjomba ni kaka wa mama yangu. Alikuwa miongoni mwa vijana waliopelekwa kusoma Urusi enzi za Muungano wa Kisovieti. Alisomea uhandisi wa maji. Wenzake walirudi na makoti mazito, na wengine walirudi na wake. Yeye alirudi na koti na kasha la santuri, zote simfoni za mtunzi mmoja wa huko. Simfoni, kwa asiyezijua, ni muziki mrefu wa ala tupu, hauna mwimbaji, na hugawanywa katika sehemu tatu au nne. Simfoni ya mwisho ya mtunzi huyo mjomba alikuwa nayo mara mbili, imerekodiwa na okestra mbili tofauti.

Aliajiriwa na serikali, akachimba visima nusu ya wilaya zetu za zamani, akastaafu. Santuri zake alizisikiliza kila alasiri, na alizisikiliza kama mtu anayekagua bomba: kichwa upande, kidole hewani, akingoja mahali panapovuja. Nilipokuwa nikisoma sekondari alinikalisha siku moja, akanipigia rekodi zote mbili za simfoni ile ya mwisho, moja baada ya nyingine.

"Umesikia tofauti?"

"Hii ya kwanza ina haraka."

"Ehe. Mwongozaji wake ana gari linamngoja nje. Huyu wa pili anajua hakuna gari."

Alichokipenda zaidi ni sehemu ya nne. Simfoni nyingi huishia kwa kelele na shangwe. Hii huishia kwa kushuka. Ala za nyuzi nene hupungua kidogo kidogo, mpaka hujui kama zimenyamaza au ni wewe uliyeacha kusikia.

Basi nilikwenda Kosele na kinasa sauti cha kituo. Mashine ya mjomba haina tundu la kuchomeka waya, kwa hiyo nilifanya kama ninavyofanya kwenye baraza za chifu: nikaweka kinasa juu ya stuli mbele ya spika, nikaomba watu wanyamaze. Mke wa mjomba aliwafukuza kuku hadi nyuma ya jiko. Mjomba alikaa kwenye kiti chake.

"Ni cha kipindi gani?" akaniuliza.

"Bado tunaangalia, nera." Nera ndiyo mjomba wangu kwa Kidholuo. "Labda kipindi cha muziki wa nje."

Nilijua vizuri ni cha kipindi gani. Naliandika hili kwa sababu mengine yote yalianzia hapo.

"Wacha wasikie, okewa," alisema, akiniita mtoto wa dada yake. "Wacha Migori nzima isikie."

Nikakata dakika moja na nusu ya mwanzo wa sehemu ya nne, kutoka rekodi ile ya pili. Asubuhi iliyofuata nikasoma vifo vitatu juu yake. Hakuna dhehebu lililopiga simu. Meneja alinipa mkono.

Mjomba hakuwa na desturi ya kusikiliza kituo chetu, lakini habari zilimfikia kabla ya wiki kwisha. Nilipokwenda kumsalimia nilijiandaa kugombezwa. Aliniuliza nimetumia rekodi ipi. Nikamwambia. Akaniuliza tunaikata wapi.

"Baada ya dakika moja na nusu."

"Basi hawajaisikia," alisema, na hakuligusia tena. Mkewe alikuwa mlangoni akichambua mboga. Hakusema neno siku hiyo, na mimi sikuona ajabu.

Ilichukua kama miezi mitatu. Baada ya hapo hakuna mtu kati ya Suna na Kosele aliyehitaji kuelezwa muziki ule ni wa nini. Ulipoanza hotelini, watu waliacha kutafuna. Walimu walinieleza kwamba watoto wa darasa la kwanza waliuvumisha kwa midomo wakizika panzi. Mwendesha bodaboda mmoja aliuweka kwenye simu yake uwe mlio wa mama mkwe, shemeji zake wakamkamata na kumpiga makofi. Hata sauti yangu iliingia humo. Nilikuwa sokoni nikauliza bei ya nyanya, mama aliyekuwa akiziuza akashika kifua.

"Wewe si ndiwe wa vifo?"

"Ni mimi, mama."

"Tafadhali. Usije ukataja jina langu, hata kwa mchezo."

"Silijui jina lako."

"Vizuri. Ibaki hivyo hivyo." Akanipimia nyanya akitazama upande mwingine, akaniongeza mbili ili niondoke.

Kisha wakaanza kuuliza kuhusu kikohozi. Katika sekunde ya kumi na mbili ya kipande kile, kabla sijafungua mdomo, mtu hukohoa. Ni kikohozi kifupi, kikavu, kimoja. Mimi nilikisikia siku ya kwanza nikadhani ni mmoja wa watu waliokuwa ukumbini okestra ilipokuwa ikirekodiwa, huko Urusi. Wasikilizaji walikuwa na maelezo yao. Wanawake wanaokausha omena, dagaa wa ziwani, huko Karungu walisema ni marehemu, anasafisha koo kabla ya kutajwa. Mtu mmoja alipiga simu mara mbili kwa wiki kutuarifu.

"Leo amekohoa kwa nguvu. Huyu wa leo amekufa na kinyongo."

"Ni rekodi ile ile, mzee. Hukohoa vile vile kila siku."

"Hiyo ni yako kusema."

Mwaka wa pili moyo wa mjomba ukaanza kuvimba. Miguu nayo ikavimba, akawa halali ila kwa kuegemezwa mito. Tulimpeleka hospitali Homa Bay, akakaa wiki tano. Siku ya kumtoa, daktari alituita ukumbini, mke wa mjomba na mimi, akatueleza polepole kwamba dawa zitampunguzia maji mwilini lakini moyo wenyewe hautarudi ulivyokuwa.

"Mpelekeni nyumbani. Afanye anachokipenda."

Tulijua wote wawili anachokipenda. Mke wa mjomba aliitikia kwa kichwa, na njia nzima hadi Kosele hakunitazama.

Yaliyofuata niliyapata kwa simu kwanza, kisha nikawauliza watu watatu waliokuwapo, kila mmoja peke yake. Naandika yale tu ambayo wote watatu walikubaliana.

Ilikuwa alasiri ya siku ya soko. Mke wa mjomba alikuwa amekwenda sokoni kutafuta unga. Mjomba alijisikia ana nguvu kidogo, akainuka, akafungua madirisha kwa sababu ya joto, akaweka santuri ya simfoni ile ya mwisho, upande wa pili, sindano kwenye sehemu ya nne. Jirani yake alikuwa akipalilia maharagwe ng'ambo ya ua. Akasikia muziki wa vifo ukitoka katika nyumba ya mgonjwa. Akainuka, akangoja. Mazoea yalimwambia kwamba baada ya muda sauti yangu itaingia na kutaja jina. Sauti haikuja. Muziki ukaendelea, ukaenda mbali kuliko ambavyo alikuwa amewahi kuusikia ukienda. Akaamua kwamba hakuna haja ya kutaja jina, kwa kuwa nyumba yenyewe inajulikana. Akaweka mikono kichwani, akapiga nduru.

Kwetu nduru ni ukemi wa kifo. Anayeisikia huipokea na kuipitisha, boma hadi boma, halafu hutupa alichoshika na kukimbilia inakotoka. Haipigwi bure. Wengi huamini kwamba ikipigwa pasipo maiti, basi mtu aliyepigiwa ameshafunguliwa mlango, na hakuna ajuaye kuufunga.

Mimi nilikuwa Suna nikipanga matangazo ya jioni. Simu ya kituo ikalia. Mwanamume, anahema, nyuma yake kelele za watu.

"Andika kifo. Kisomwe leo leo, saa kumi na moja."

Nikachukua fomu. "Jina la marehemu?"

Akalitaja.

Nililiandika. Mkono ulikuwa umezoea, ukamaliza majina yote mawili kabla kichwa hakijaelewa. Niliandika na kijiji.

"Amekufa saa ngapi?" nikauliza.

"Sasa hivi. Nduru ndiyo hiyo unaisikia."

"Umemwona?"

"Nimwone vipi? Watu wamejaa."

Nikakata, nikapiga simu ya mke wa mjomba. Haikupokelewa. Nikapiga simu ya mjomba mwenyewe, bila kujua nilitarajia nani aipokee. Ililia muda mrefu.

"Okewa," alisema mjomba. "Hapa nje kuna watu wengi wanalia na sijui nani amekufa. Subiri nitoke niangalie."

"Usitoke, nera! Nera, kaa ndani!"

Lakini alikuwa ameshaweka simu chini. Alitoka hadi barazani na fimbo yake. Wote watatu niliowauliza walisema jambo moja, kwamba kunyamaza kwa wale watu kulikuwa kubaya kuliko kelele zao. Mwanamke mmoja aliyekuwa amejitupa kwenye majani alikataa kuinuka, akafunika uso. Ndani ya nyumba, muziki ulikuwa bado unaendelea.

Mjomba akawatazama, akaelewa.

"Mmekuja mapema," aliwaambia. "Chai haijawekwa hata jikoni."

Hakuna aliyecheka. Walianza kuondoka mmoja mmoja, bila kuaga, wengine wakirudi kinyumenyume. Langoni walikutana na mkewe akikimbia kutoka sokoni, kitambaa kimemtoka kichwani. Aliwaona watu nyumbani kwake, akapiga magoti barabarani kabla mtu hajamweleza kitu. Sauti ilimkauka siku mbili.

Ile fomu niliichana. Vipande nilivitia mfukoni, sikutaka kuvitupa kwenye pipa la kituo.

Jumamosi nilikwenda Kosele. Mashine ilikuwa imefunikwa shuka na kasha la santuri halikuwepo. Mke wa mjomba alinipeleka nyuma ya jiko.

"Nimezifungia. Usiniulize wapi."

"Mama, ule muziki haumuui mtu. Ni moyo."

"Nimesema muziki?" Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu hospitali. "Unajua ni nani anakohoa kwenye redio yenu?"

Nikaanza kumweleza habari za ukumbi na watu wa Urusi. Akaacha nimalize.

"Nimelala na kikohozi hicho zaidi ya miaka arobaini. Asubuhi ya kwanza ulipokitoa hewani nilikijua. Ulipokuja na mashine yako alikuwa pale kitini, akakohoa, na wewe hukusikia kwa sababu ulikuwa unatazama taa yako nyekundu."



"Miaka miwili," aliendelea. "Kila asubuhi na kila jioni mnamsimamisha mume wangu mbele ya maiti za watu, anakohoa, ndipo mnataja. Sasa ameanza kuitwa yeye."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuja hapo Suna niseme nini? Kwamba kikohozi cha mzee wangu nirudishiwe?"

Nilirudi kituoni nikavaa vipokea sauti vikubwa vya studio na kusikiliza sekunde ile ya kumi na mbili. Baada ya kuambiwa, ilikuwa wazi. Kikohozi kilikuwa karibu kuliko okestra. Nyuma yake, kwa mbali sana, kulikuwa na kuku.

Nilimwambia meneja kwamba muziki ule ni wa familia yangu na nauondoa. Alinung'unika, akakubali. Tukaweka kipande cha filimbi tulichokuwa tukikitumia kwenye hali ya hewa. Siku ya pili walifika wanaume wanne kutoka Karungu, wamevaa suti, hawakutaka kukaa.

"Baba yetu ametangazwa kama ng'ombe aliyepotea," alisema mkubwa wao.

"Tangazo lilisomwa lote," meneja akajibu. "Majina yote."

"Majina ndiyo. Lakini wimbo wake je? Jirani yetu amekufa mwezi jana, mtu mlevi, na amepewa ule wimbo. Baba yetu, mzee wa kanisa, anapewa wa mvua? Watu wanatuuliza kama amekufa kweli."

Walisimama pale mpaka tangazo likasomwa upya juu ya simfoni. Mimi ndiye niliyelisoma. Wiki haikwisha, simu zikawa nyingi, na muziki ukarudi moja kwa moja. Nilifaulu kitu kimoja tu: nilikata kikohozi. Nilimpigia mke wa mjomba kumweleza.

"Umekitoa," alisema. "Ukakiweka wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Kilikuwa kwenye kompyuta ya studio, sekunde mbili, kwenye faili la peke yake. Nilikuwa nimejaribu kulifuta na kidole kikakataa.

Mwezi mzima mjomba hakusikia kitu. Kila alasiri aliomba, na kila alasiri mkewe alimnyima, kwa upole, kama mtu anavyomnyima mgonjwa chumvi. Alizidi kuvimba. Nikafikiri nimepata njia: nikapakia sehemu yote ya nne kwenye simu, nikanunua vipokea sauti vya masikioni, nikaenda. Kwa vile hakuna jirani ambaye angesikia, mke wa mjomba aliruhusu. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, mikono mapajani, akimwangalia mumewe.

Nilimvalisha. Aliinua kidole chake. Kabla dakika mbili hazijapita alivivua, akaviweka kifuani.

"Vinaumiza?"

"Hapana. Nakusikia wewe."

"Mimi sijasema kitu, nera."

"Najua. Ndiyo maana. Muziki unaanza, na mimi nangoja useme jina la mtu. Husemi. Nazidi kungoja. Hicho kingine chote kinapita sikisikii." Alipumzika, maana kusema maneno mengi kulimchosha. "Hata mimi mmenizoesha. Muziki wangu wa ujana, siwezi kuvuka dakika yenu ile moja na nusu."

Niliomba msamaha. Nilimwambia kwamba nilijua tangu siku ya kinasa ni kwa ajili ya vifo. Alipunga mkono kana kwamba anafukuza nzi.

"Leta santuri," alimwambia mkewe. "Huyu asome jina langu. Likishasomwa litakuwa limesomwa, tutapita, nisikie kilichobaki."

"La," alisema mkewe.

"Mama watoto."

"Nimesema la! Unataka nimsikie huyu akilisoma jina lako, na sauti yake ile, mimi nikiwa nimekaa hapa?"

"Toka nje basi."

"Na nikitoka halafu uende je?"

Mjomba alicheka, kicheko kikamletea kikohozi, na sote wawili tulitazama sakafu mpaka kilipokwisha.

"Unazificha ili nisife," alisema. "Daktari amekwambia, na mimi ameniambia. Hilo halina kujadiliwa. Kilichobaki kujua ni kama nitasikia kitu kabla."

Mkewe aliinuka. Akaingia chumbani, tukasikia kufuli la sanduku. Alirudi na santuri moja. Hakuwa anajua kusoma maandishi yake ya Kirusi, lakini alikuwa ameleta ile ile, ya mwongozaji asiye na gari. Akampa mumewe, akarudi kwenye kiti chake cha mlangoni.

"Siku ya mazishi usiitaje," aliniambia.

Mjomba aliweka sindano mwenyewe. Muziki ukaanza kutoka kwenye spika ile ile, ukajaa chumba. Sikuwa na fomu, lakini mpangilio wake naujua kama sala. Nilianza mahali pangu. Nilisema familia inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao, nikataja jina lake. Nikataja kijiji. Nikasema mume wa, nikamtaja mama huyo aliyekaa hatua tatu kutoka kwangu, na yeye akashika ukingo wa kiti. Nikasema baba wa, nikaanza kutaja watoto na wanakoishi.

"Wa pili hayuko Nakuru siku hizi," mjomba akanikatiza. "Yuko Eldoret. Sahihisha."

"Wa Eldoret," nilisema.

Mochari sikuitaja. Nilipofika kwenye siku nilinyamaza.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya. Sasa kaa."

Aliegemea mito, akainua kidole. Muziki ulipita pale ambapo kwa miaka miwili nimekuwa nikiuzima kwa kidole changu mwenyewe. Mimi pia nilikuwa nimeusahau upande ule. Ulipanda mara moja, kwa hasira, ukapasuka, kisha ukaanza kushuka. Uso wa mjomba ulitulia kama siku zile alipokuwa na afya. Wakati mmoja alitikisa kidole kuonyesha jambo, labda mahali panapovuja, lakini hakueleza na mimi sikuuliza. Nyuzi nene zikabaki peke yake. Zikapungua. Sindano ikafika mwisho ikawa inagonga, tik, tik, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka.

Aliyeinuka ni mkewe. Hakuwa amewahi kugusa mashine ile tangu aolewe. Aliushika mkono wa sindano kwa ncha za vidole, akauinua, kukawa kimya.

"Na kesho utataka tena?"

"Nitataka."

"Na huyu?" Alinielekeza kwa kidevu.

"Huyu wa nini? Ameshasoma."

"Basi alasiri nitakuwa nashinda shamba la chini," alisema. "Ukitaka maji, uwe umekunywa kabla."

Akachukua jembe nyuma ya mlango, akatoka hapo hapo, ingawa jua lilikuwa kali na msimu wa kulima haujafika.

Nilimpa mjomba maji, nikamweka sawa mito, nikaaga. Nilipofika langoni niliwakuta watu saba au wanane wamesimama barabarani, wengine na ndoo, mmoja na beseni la nguo mbichi. Jirani wa maharagwe alikuwa mbele yao. Hakuwa amepiga nduru safari hii. Mke wa mjomba alikuwa amewapita bila salamu na tayari alikuwa mbali, anashuka.

"Pole," jirani aliniambia.

"Pole ya nini? Yuko hai. Ameketi ndani."

"Tumesikia jina."

"Ni yeye mwenyewe aliyeomba nilisome. Ingieni basi mumwone."

"Tumesikia jina," alirudia, polepole, kama anayemweleza mgeni. "Na wewe ndiye uliyelisoma."

Nikawafungulia lango. Nikasimama kando ili wapite. Walitazama nyumba, dirisha lililo wazi, kisha wakatazamana. Hakuna aliyeinua mguu. Mwenye beseni alilitua chini, kama mtu anayejua atangoja, na kule ndani mjomba akawa ameianza sehemu ya nne tena.